Safari na Bi. Tiketi: Mama, magoti na Taj Mahal

Mwezi huu barua za Dubai na Guangzhou nimeziweka pembeni. Walioniandikia kuhusu India ni wengi, na karibu wote hawaendi kutalii. Mmoja anampeleka mgonjwa, mwingine anasoma huko, halafu inatokea siku moja haina kazi na roho inataka kuona kitu. Nimechagua barua nne.

Bi. Tiketi, shikamoo. Mwishoni mwa Januari nampeleka mama Delhi kubadilishwa goti. Kati ya vipimo na upasuaji tutakuwa na siku mbili tatu za kusubiri. Mama ana miaka 69, anatembea na fimbo. Tangu nina akili nyumbani kuna kalenda ya Taj Mahal aliyopewa dukani. Miezi imechanwa yote, picha hajakubali itolewe ukutani. Ndugu zangu wanasema nisimchoshe na safari ya Agra, nimpeleke tu sehemu za karibu hapo hapo Delhi. Nifanyeje? – Binti wa Tanga

Marahaba, mwanangu. Ndugu zako wana nia njema, ila wanahesabu kilomita. Mgonjwa wa goti hahesabiwi kilomita, anahesabiwa ngazi.

Hizo sehemu za karibu wanazokutajia ndizo zitakazomtesa. Kaburi la Mfalme Humayun, ukifikia Lajpat Nagar wanakofikia wagonjwa wengi kutoka kwetu, ni mwendo mfupi wa bajaji. Lakini limejengwa juu ya jukwaa refu, na vidato vyake ni vya mawe, vyembamba na vimesimama wima. Mimi mwenyewe magoti yangu mazima na nilivishuka nimeshika ukuta. Msikiti wa Ijumaa wa mji mkongwe, Jama Masjid, hauna mlango hata mmoja usio na ngazi zaidi ya thelathini. Taj Mahal liko mbali kiasi cha kilomita 200, lakini njia yote hiyo mama ameketi, na akifika anatembea kwenye bustani iliyo sawa kama meza.

Kwa hiyo mpeleke Agra. Daktari wake aulizwe kwanza, na akikubali, ufanye hivi.

Usikodi gari kwa siku nzima. Barabara ya Yamuna Expressway ni nzuri, ila kutoka Delhi kwenyewe na kuingia Agra kwenyewe kunakula saa, na mtu wa goti akikunja mguu muda mrefu anashuka analia. Panda treni iitwayo Gatimaan Express. Inaondoka kituo cha Hazrat Nizamuddin saa 2:10 asubuhi na kufika Agra Cantt saa 3:50. Mwendo wake unafikia kilomita 160 kwa saa, viti ni vipana, chai na chakula vinaletwa ulipo. Jioni inarudi saa 11:50, saa moja na nusu usiku mko Delhi. Ijumaa haiendi, kwa sababu Ijumaa Taj Mahal linafungwa kwa wageni. Waumini wa Agra peke yao ndio huruhusiwa kuingia kuswali. Ratiba ithibitishe siku ya kukata tiketi, na tiketi ikate mapema. Mwenye nyumba mtakayofikia atakusaidia, maana mtandao wa reli ni rahisi zaidi kwa mwenye namba ya simu ya India.

Kituoni kuna madaraja ya kuvuka reli. Usimpandishe mama. Omba kiti cha magurudumu, na uwatafute makuli wa mashati mekundu, mpatane bei kabla mikono yao haijagusa mzigo wako. Baada ya hapo bei huwa inabadilika.

Januari ni mwezi wa ukungu. Wenzako watakushauri mlale Agra ili mlione Taj jua linapochomoza, kama kwenye picha. Kwa Januari acha kabisa. Alfajiri hiyo unaweza kusimama mbele ya jengo lenye urefu wa mita 70 na ushei usilione. Mara nyingi saa nne, saa tano, ukungu unakuwa umeinuka, na treni hii inakufikisha wakati huo huo. Ikichelewa, msinung'unike, dereva wake naye haoni. Mbebee mama sweta na soksi, Delhi ya Januari si Tanga.

Agra Cantt mtapokewa na jeshi la watu. Mawinga wa Kariakoo wana ndugu zao pale. Nenda moja kwa moja kwenye kibanda cha teksi za kulipia kabla, sema unataka Geti la Mashariki. Magari yanazuiwa mbali kidogo ili moshi usichafue marumaru, hivyo mtashushwa Shilpgram na kupanda vigari vya umeme mpaka getini. Tiketi kwa mgeni ni rupia 1,100, na ukitaka kupanda mpaka ndani ya kaburi unaongeza 200. Hapo nisikilize: wewe kata zote mbili, mama mkatie ya 1,100 tu. Hizo 200 ni za kupanda jukwaa, na jukwaa ndilo lenye ngazi. Ndani ni giza, ni msukumano, picha haziruhusiwi, na hata yale makaburi mawili unayoyaona, la mfalme Shah Jahan aliyelijenga Taj na la mkewe Mumtaz Mahal, ni ya kuonyesha. Wenyewe wamelala chini, kwenye chumba kilichofungwa. Uzuri wote uko nje, na nje kuna mabenchi.

Tiketi inakupa muda wa saa 3 ndani. Saa ya kwanza nzima mwachie mama kwenye lango kuu, lile jekundu. Waongozaji hulipita mbio wakiwahi kupiga picha. Mama yako, kama alipita chuo cha Kurani kama wanawake wa rika lake Tanga, ataweza kufanya jambo ambalo watalii wengi hawawezi: atalisoma. Lango limezungushiwa Suratul Fajr, imeandikwa kwa jiwe jeusi juu ya marumaru nyeupe, mpaka pale inapoitwa nafsi iliyotulia irudi kwa Mola wake na kuingia Peponi. Ukimaliza kuisoma aya hiyo ndipo unapita chini ya upinde na bustani inafunguka mbele yako. Waliopanga walijua wanachofanya. Mwandishi wa khati, Amanat Khan, herufi za juu alizifanya kubwa kuliko za chini, ili kwa mtu aliyesimama chini zote zionekane sawa. Dada yangu aliifuatisha kwa kidole hewani, neno kwa neno, akiwa ameketi, na walinzi walimletea maji. Kwenye kaburi lenyewe, kuzunguka matao makubwa, ni Yasini.

Mweleze pia hili, maana litamshangaza. Pembeni mwa Taj kuna majengo mawili mekundu yanayofanana kama pacha. Kule kibla ni magharibi, si kaskazini kama kwetu pwani. La upande wa magharibi ni msikiti. La upande wa mashariki haliwezi kuwa msikiti, maana ukiliingia umegeuka kinyume. Lilijengwa ili tu upande mmoja usiwe mtupu. Mtu anajenga jumba zima kwa ajili ya kulinganisha! Halafu Shah Jahan mwenyewe, mpenda mizani, ndiye aliyeiharibu. Mumtaz Mahal, aliyefariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa 14, amelazwa katikati kabisa. Mume alipozikwa mwaka 1666 akabanwa pembeni yake, na hicho ndicho kitu pekee mle ndani kisicho na mwenzake upande wa pili.

Ngome ya Agra iruke. Ni nzuri, Mfalme Akbar, babu yake Shah Jahan, aliijenga kuanzia 1565, lakini kuingia ni kupanda mteremko mrefu wa mawe. Mwonyeshe mama kwa mbali, iko kando ya mto ule ule unaopita nyuma ya Taj. Humo ndimo Aurangzeb alimfungia baba yake Shah Jahan miaka 8, akiliangalia Taj kwa dirishani. Badala yake mchana vukeni mto Yamuna mwende kaburi la Itimad-ud-Daulah. Ni dogo, jukwaa lake fupi, watu wachache. Malkia Nur Jahan alilijenga kati ya 1622 na 1628 kwa ajili ya wazazi wake, yaani kabla ya Taj, na kazi ya kupachika vito kwenye marumaru utaiona pale kwa karibu bila mtu kukusukuma. Mimi ukiniuliza nirudi wapi Agra, ningerudi hapo.

Dereva atataka kuwapitisha «kiwandani» kwa mjomba wake. Vitu vingi humo si marumaru, ni mawe laini. Ukikwaruza kwa ufunguo yakatoa unga, rudisha mezani. Na ile peremende ya boga wanayoiita petha ni sukari tupu. Kama mama ana kisukari, mnunulie wajukuu.

Bi. Tiketi, kwa nini Mhindi analipa rupia 50 Taj Mahal na mimi Mwafrika, ambaye si tajiri, nalipa 1,100 sawa na Mmarekani? Huu si ubaguzi? – Msomaji, Eldoret

Ndugu yangu, nenda geti la Maasai Mara au la Serengeti usome ubao wa viingilio. Utaona bei yako, kisha utaona bei ya Mhindi. Nikiziona hizo mbili huwa sina la kumwambia mtu wa Agra. Ninachokubaliana nawe ni kwamba majirani wa India wana bei ya kati, na sisi tunaotenganishwa nao na bahari tu, ambayo babu zetu waliivuka kwa majahazi, hatumo.

Shangazi, nasoma Pune, ni Mtanzania. Nina siku moja tu Delhi, treni inanifikisha asubuhi na nyingine inaniondoa usiku. Sitaki maduka, nataka Wamughal, ule ukoo wa wafalme wa Taj Mahal. Nianzie wapi? Nitakuwa peke yangu, na mimi ni msichana. – Mwanafunzi

Wewe una miguu, kwa hiyo yale niliyomkatalia mama wa Tanga nakupa wewe. Siku isiwe Jumatatu, Ngome Nyekundu inafungwa.

Anzia kwa Humayun, geti likifunguliwa. Wengi wanaanzia Ngome Nyekundu kwa sababu wameiona kwenye televisheni, waziri mkuu akihutubia kila tarehe 15 Agosti. Ukifanya hivyo unaanza hadithi mwishoni. Humayun ni mfalme wa pili wa ukoo huo. Alinyang'anywa ufalme, akahangaika ugenini miaka mingi, mpaka Uajemi, akaurudisha, na hata mwaka haukuisha, Januari 1556, akaanguka kwenye ngazi za maktaba yake akafa. Ngazi tena, mnaona! Inasimuliwa kwamba alisikia adhana, akataka kupiga goti kwa heshima, mguu ukanasa kwenye joho.

Kaburi lake lilisimamiwa na mjane wake, Bega Begum, na mchoraji wa ramani yake alikuwa Mwajemi, Mirak Mirza Ghiyas. Bustani iliyogawanywa mara nne kwa mifereji ya maji, kaburi katikati, kuba jeupe juu ya mawe mekundu: vyote vilivyokuja kukamilika Agra karibu miaka 70 baadaye vilianza hapo. Kabla hujafika kwake, kulia kwako, ingia kwa Isa Khan. Kaburi lake la pembe nane ni la 1547, na yeye alikuwa mkubwa katika utawala ule ule uliomfukuza Humayun. Mwenye nyumba na aliyemtoa nyumbani sasa wamepakana ua.

Panda juu ya jukwaa. Utakuta makaburi mengi yasiyo na majina, jamaa wa ukoo wa kifalme waliozikwa humo vizazi kwa vizazi. Na ni humo humo, Septemba 1857, alikojificha mfalme wao wa mwisho, Bahadur Shah Zafar, mzee wa miaka themanini na kitu, Waingereza walipoiteka Delhi. Walimkamata hapo, wakampeleka uhamishoni Rangoon, akafa 1862. Mwanzo na mwisho chini ya kuba moja.

Ukilitazama jengo utaona lilivyo safi. Ukarabati huo ulifanywa na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni, ukakamilika 2013. Mafundi waliitoa saruji iliyomwagwa juu ya paa karne iliyopita, wakarudishia chokaa. Kama umewahi kula urojo Forodhani, Unguja, basi kazi ya watu hao unaijua: bustani ile ni wao walioikarabati, ikafunguliwa upya 2009. Na fundi yeyote wa Mji Mkongwe atakwambia kwa nini ukuta wa kale haupendi saruji. Unashindwa kupumua.

Ukitoka, vuka barabara uingie mtaa wa Nizamuddin, kwenye ziara ya Sheikh Nizamuddin Auliya, aliyefariki 1325. Hapa ni vichochoro, msongamano, maua ya waridi kwenye sinia. Jifunike kichwa. Wauza maua watakuambia kwa sauti ya amri kwamba viatu vinaachwa kwao. Si kweli, endelea mpaka mlangoni kabisa. Kwenye chumba cha kaburi la sheikh wanawake hawaingii, utasimama kwenye kimia cha marumaru. Mimi jambo hilo halinipendezi na sitajifanya linanipendeza. Lakini hatua chache tu kutoka hapo amelala mwanamke ambaye kwangu mimi anatosha kukufanya uje: Jahanara, binti mkubwa wa Shah Jahan na Mumtaz. Alijifungia na baba yake ngomeni Agra, akamuuguza mpaka mwisho. Alifariki 1681. Wazazi wake wana Taj Mahal. Yeye aliomba kaburi lake lisifunikwe na kitu ila majani, na juu ya marumaru pale pameachwa wazi, udongo na nyasi. Mwombee dua kwa niaba yangu. Ikiwa siku yako ni Alhamisi, jioni kuna kawali, nyimbo za dini, lakini jioni nakutaka mahali pengine.

Shika bajaji mpaka stesheni ya metro ya JLN Stadium, panda laini ya zambarau kuelekea kaskazini. Behewa la kwanza ni la wanawake, litumie. Shuka Lal Qila. Ngome Nyekundu ilikamilika 1648, Shah Jahan alipohamishia makao yake Delhi. Saa moja na nusu inakutosha, na nitakuambia kwa nini: nusu yake haipo. Baada ya 1857 Waingereza walibomoa kumbi na bustani nyingi wakajenga kambi za askari, na kambi hizo zimesimama mpaka leo, mbaya kama zilivyo. Kiti cha Tausi, kiti chao cha enzi, nacho kilichukuliwa na Nadir Shah wa Uajemi mwaka 1739. Nenda tu Diwan-i-Khas, ukumbi wa faragha wa mfalme, ukaone beti la Kiajemi ukutani linalosema kama kuna pepo duniani, basi ni hapa. Kwa mapokeo beti hilo ni la mshairi Amir Khusro, na Khusro umempita asubuhi, amezikwa miguuni mwa sheikh wake pale Nizamuddin.

Kisha Jama Masjid, kwa miguu. Ulikamilika 1656, uwanja wake unachukua watu 25,000. Watalii hutolewa wakati wa swala; kama wewe ni Mwislamu unabaki. Fika baada ya Alasiri, kaa kwenye kivuli, usifanye chochote. Ukisha kuswali Magharibi toka kwa mlango namba moja, unaoelekea mtaa wa Matia Mahal, ufuate moshi wa mishikaki. Kula nihari, nyama iliyopikwa usiku kucha, kwa mkate wa tanuri, mahali penye familia nyingi. Simu iwe kwenye mkoba, mkoba uwe mbele.

Bi. Tiketi, wanafunzi wangu wameniuliza maswali mawili sikuyajibu vizuri. Ni kweli mafundi wa Taj Mahal walikatwa mikono? Na je, Waafrika waliwahi kufika kwa Wamughal? – Mwalimu, Mwanza

Mwalimu, la kwanza waambie hapana. Hakuna maandishi ya wakati ule yanayosema hivyo, na akili haikubali. Mwaka 1639, Taj bado linajengwa, Shah Jahan alianza Ngome Nyekundu ya Delhi, na Ustad Ahmad Lahori anayetajwa kwa Taj ndiye anayetajwa pia kwa ngome hiyo. Nani anakata mikono ya fundi ambaye kesho anamwita kazini? Hadithi hiyo waongozaji wanaipenda kwa sababu inaongeza bakshishi.

La pili, waanzie na punda milia. Mwaka 1621 Mfalme Jahangir, baba yake Shah Jahan, aliletewa mnyama huyo kutoka Uhabeshi. Wakuu wa baraza hawakuamini, wengine wakadhani amepakwa rangi. Akakaguliwa vizuri, na mfalme mwenyewe akaandika kwenye kumbukumbu zake kwamba aliyempaka ni Mungu. Mchoraji wake Mansur akamchora, na picha hiyo ipo London hadi leo. Mnyama mwenyewe alipelekwa kwa Shah Abbas wa Uajemi kama zawadi.

Kisha wape Malik Ambar. Alizaliwa Ethiopia, akauzwa utumwani, akapitia mikono ya mabwana kadhaa mpaka India, na akaishia kuwa mwenye amri halisi katika ufalme wa Ahmadnagar. Majeshi ya Jahangir yalipigana naye miaka na miaka na hayakumweza. Mfalme alimchukia hivyo kwamba alijichorea picha akikilenga mshale kichwa cha Ambar kilichotundikwa kwenye mkuki, jambo ambalo maisha yake yote hakulipata, kwani Ambar alikufa kitandani kwake mwaka 1626, ana umri wa karibu miaka 80. Mji aliouanzisha mwaka 1610 kwa jina la Khadki ndio ulioitwa baadaye Aurangabad.

Kaburi lake liko Khuldabad, karibu na mji huo. Na hapo hapo Khuldabad yupo Aurangzeb, yule aliyemfungia baba yake: kaburi la udongo, wazi, halina kuba. Binti wa Pune, kwako huko ni karibu zaidi kuliko Delhi, likizo fupi inatosha. Ukienda, nipigie picha ya la Ambar. Mwalimu anaihitaji darasani.